Ukurasa Mmoja kwa Tabibu wa Garsen

Tabibu wa Garsen, katika delta ya mto Tana nchini Kenya, huanza siku yake kwa foleni. Yupo mtoto mwenye homa, mjamzito aliyekuja kupimwa, kijana aliyejikata kwa panga shambani, mzee mwenye kikohozi kisichoisha. Na mara nyingi, katikati ya foleni hiyo, ameketi mama asiye na homa wala kidonda. Mto ulipofurika ulimchukulia nyumba na migomba, na tangu siku hiyo usingizi haumjii. Mvua ikianza kunyesha, moyo humwenda mbio. Watu wa delta ya Tana wamepitia mazito yaliyofuatana: mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 hadi mapema 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100, ukame ulioangusha mifugo, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini Kenya wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Tabibu ana dakika chache za kumpa mama huyu, na kabatini ana diazepam, dawa ya kutuliza. Amfanyie nini?

Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, limekwisha kutafitiwa. Tatizo ni kwamba limetawanyika katika maelfu ya makala za kitaalamu, nyingine nzuri, nyingine dhaifu, nyingi zikiwa ndefu na ngumu kuliko muda wa mtu mwenye foleni mlangoni. Kati ya makala hizo na tabibu anasimama fundi ambaye jina lake halitajwi hospitalini: mhariri anayechagua tafiti bora za afya ya akili na kuzifupisha ziwe ukurasa mmoja. Ufundi huu una historia yake. Mwaka 1991 lilianza jarida la ACP Journal Club, lililotumia mbinu zilizokomaa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada. Mwaka 1998 mbinu hizo zikaletwa kwenye afya ya akili kwa jarida la Evidence-Based Mental Health, ambalo tangu 2023 linaitwa BMJ Mental Health. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008, na miongozo yake kwa wahudumu wasio mabingwa imejengwa kwa kazi ya namna hiyohiyo. Ni kazi ya kutazamwa polepole, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni swali. Mhariri halipokei swali hadi lipate viungo vinne: mgonjwa ni nani, afanyiwe nini, hilo linalinganishwa na nini, na matokeo yanayotafutwa ni yapi. “Ushauri nasaha unasaidia?” hurudishwa kama lilivyokuja. Linarudi limenyooka: kwa watu wazima waliokumbwa na mafuriko au vita katika mwezi uliopita, je, kikao kimoja cha kuwasimulisha mkasa, kikilinganishwa na kutofanya kikao hicho, kinapunguza idadi ya wanaobaki na PTSD, yaani maradhi ya mshtuko yanayodumu baada ya mkasa, mwaka mmoja baadaye? Swali la namna hii lina mipaka, na mtu anayetafuta anajua lini amefika. Nusu saa inayotumika hapa huokoa wiki nzima huko mbele, na mhariri mzoefu haionei uchungu.

Kisha huja kutafuta. Mhariri hufungua hazina za makala, PubMed na Cochrane Library miongoni mwao, na kuandika maneno ya kutafutia pamoja na ndugu zake wote. Diazepam hutafutwa kwa jina lake, kwa jina la biashara la Valium, na kwa jina la ukoo wake, benzodiazepini. Mafuriko hutafutwa pamoja na maafa, wakimbizi, vita na ajali. Kila fungu la maneno huandikwa kwenye daftari la kazi, na pembeni tarehe na idadi ya makala zilizopatikana, ili mtu mwingine akirudia njia ileile afike palepale. Ukimtazama mhariri akifanya kazi hii utadhani ni karani. Hakimbilii makala yenye kichwa cha kuvutia. Anakusanya kwanza, zote, hata zile anazoshuku kwamba zitapinga alichokuwa akiamini.

Baada ya wavu, kuchuja. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, hupitia kichwa na ikisiri ya kila makala na kuandika ndiyo, hapana au labda. Hawaonyeshani majibu hadi wamalize. Wakitofautiana hujadiliana, na wasipokubaliana huitwa wa tatu. Kila “hapana” huandikiwa sababu yake, kwa kuwa makala iliyotupwa bila sababu ni rahisi kutupwa kwa chuki, na iliyopokelewa bila sababu ni rahisi kupokelewa kwa mapenzi.

Vigezo vya kuchujia ni vichache na vikali. Kwa utafiti wa tiba, wagonjwa wawe wamegawanywa kwa kura katika kundi la tiba na kundi la ulinganisho. Walau asilimia 80 ya walioanza wawe wamefuatiliwa hadi mwisho. Na kilichopimwa kiwe jambo lenye maana kwa mgonjwa mwenyewe: amelala, amerudi shambani, amepona, hajajidhuru. Makala nyingi huangukia kwenye kigezo cha kwanza. Utafiti unasema wagonjwa kadhaa walipewa ushauri nasaha na wengi wakapata nafuu. Hakuna kundi la pili la kulinganisha. Mhariri anauweka kando.

Ukali huo una sababu, na Uganda inaionyesha vizuri. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Kwanza watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe jinsi wanavyoielezea hali ya huzuni iliyozidi, ndipo wakatengeneza vipimo. Vijiji vikapigiwa kura. Katika vilivyopata tiba, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa huko huko aliyefundishwa kwa wiki mbili. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopangiwa tiba walikuwa na dalili kamili za sonona kali. Mwishoni walibaki nazo asilimia 6.5. Msomaji mwenye haraka angefunga kitabu hapo na kushangilia. Mhariri anasogeza rula kwenye safu ya pili ya jedwali, ya vijiji ambavyo havikupata vikundi: kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Watu wengi hapo nao walipata nafuu bila tiba hiyo. Kama Uganda wangepima kundi moja tu, nafuu yote ingehesabiwa kuwa kazi ya tiba. Kwa sababu safu ya pili ipo, tunajua sehemu gani ni yake kweli, na sehemu hiyo bado ni kubwa mno.

Makala zilizopita kwenye chujio sasa husomwa nzima, na hapa ndipo uvumilivu unapoonekana. Mhariri hasomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hufunika hitimisho kwanza kwa karatasi nyeupe na kuanzia kwenye sehemu ya mbinu, ili maneno matamu ya mwisho yasimfundishe cha kuona. Ana fomu yenye maswali, na penseli. Kura ilipigwa na nani, na je, aliyekuwa akimsajili mgonjwa aliweza kujua mapema atakwenda kundi gani? Aliyepima dalili mwishoni alijua nani alitibiwa? Walioacha tiba katikati walihesabiwa katika kundi walilopangiwa, au walifutwa kimyakimya? Wangapi hawakuonekana tena? Ikiwa watu 30 kati ya 100 walipotea na ndio waliozidiwa, nafuu ya 70 waliobaki haina uzito. Kila jibu huandikiwa namba ya ukurasa lilipotoka. Mahali makala isipojibu, mhariri huandika “haikuelezwa”. Hakisii kwa niaba ya mtafiti.

Tumtazame akiwa na makala moja mkononi. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Wales kwa watu waliolazwa hospitali kwa kuungua moto. Kwa kura, baadhi yao walipata kikao kimoja cha kusimulia mkasa kwa kina, wengine hawakupata. Nia ilikuwa njema: mtu akitoa yaliyo moyoni mapema, yasije yakamkaa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na PTSD; kati ya wasiosimulishwa, asilimia 9. Kikao kilichokusudiwa kuzuia maradhi kilifuatiwa na maradhi mengi zaidi.

Mhariri asiye na subira angeandika mara moja kwamba kusimulisha watu ni hatari. Huyu anarudi kwenye jedwali la kwanza, lile ambalo wasomaji wengi huliruka, linaloonyesha makundi mawili yalivyokuwa kabla ya chochote kufanyika. Anapitisha kidole mstari kwa mstari. Waliopata kikao walikuwa na majeraha mazito zaidi na dalili zaidi tangu mwanzo, na mambo hayo yenyewe huandamana na matokeo mabaya. Kura ilipigwa, ila haikuyasawazisha makundi vizuri. Anaandika hilo pembeni, anapigia mstari, na halitumii jaribio hilo peke yake. Analiweka pamoja na mengine ya aina yake katika mapitio ya kimfumo ya Cochrane, yaliyoandikwa na Suzanna Rose, Bisson huyohuyo, Simon Wessely na mwenzao mwaka 2002. Majaribio yote yakipimwa pamoja, hakuna ushahidi kwamba kikao kimoja cha namna hii huzuia PTSD, na waandishi wakashauri watu walioathirika wasilazimishwe tena kukihudhuria. Sasa mhariri ana la kuandika, na analiandika kwa kiwango kilekile ambacho ushahidi unabeba: hakikusaidia, na huenda kikadhuru.

Swali la diazepam iliyo kabatini nalo hupitia njia hiyohiyo. Miongozo ya WHO ya mwaka 2013 kuhusu hali zinazotokana na misukosuko ilipima ushahidi uliokuwapo na kushauri watu wazima wasipewe benzodiazepini kwa dalili za mshtuko wala kwa kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya mkasa. Kwa mama wa Garsen, ikiwa mkasa wake haujatimiza mwezi, sentensi hiyo ina uzito wa moja kwa moja. Kidonge kilicho karibu zaidi na mkono wa tabibu ndicho kinachofaa kubaki kabatini.

Baada ya kusoma ni kuhesabu, na hesabu ya mhariri ni ya kumsaidia mtu aliyechoka. Asilimia huzigeuza kuwa watu. Kwa matokeo ya Uganda ataandika: kati ya watu 100 wenye sonona wasiopata kikundi, takriban 55 watabaki nayo baada ya miezi minne, wakipata kikundi, takriban 7. Tofauti ni watu 48, yaani karibu mtu mmoja zaidi anapona kwa kila wawili wanaohudhuria. Kisha anaongeza tahadhari bila kuambiwa na mtu: kura ilipigwa kwa vijiji, si kwa mtu mmoja mmoja, na watu wa kijiji kimoja hufanana; kwa hiyo hesabu lazima iwe imezingatia hilo.

Jaribio jingine, la Nairobi, linahitaji mkono mwingine. Mwaka 2017 Richard Bryant na wenzake walichapisha katika PLoS Medicine matokeo ya tiba fupi ya WHO iitwayo Problem Management Plus. Wanawake 1,393 wa vitongoji vya Nairobi walipimwa. 518 walionekana kuwa na dhiki ya moyo iliyowakwamisha katika shughuli zao, na 421 kati yao walikuwa wamewahi kupitia ukatili wa kijinsia. Waliopangiwa tiba walikutana mara tano, dakika 90 kila mara, na wahudumu wa afya ya jamii ambao si wataalamu wa akili: kujifunza kupumua na kutuliza mwili, kukabili tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli zilizoachwa, kutafuta watu wa kuegemea. Wenzao walielekezwa kwenye huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Miezi mitatu baada ya tiba, kwenye kipimo cha alama 0 hadi 36, kundi la tiba lilikuwa limeshuka alama 3.33 zaidi ya lile jingine.

Mhariri huiacha namba hiyo mezani kwa muda. Alama tatu kati ya 36 ni nini katika maisha ya mtu? Anaangalia masafa ambamo tofauti ya kweli yaelekea kuwamo: 1.86 hadi 4.79. Upande wa chini haugusi sifuri, kwa hiyo ni vigumu kusema ni bahati tu. Upande wa juu nao hauahidi muujiza. Anaandika “ilipunguza dhiki kwa kiasi”, anafuta, anaandika tena, na kuiacha namba yenyewe isimame kando ya maneno hayo ili msomaji aamue.

Ndipo muhtasari wenyewe unapoandikwa. Kichwa cha habari ni sentensi kamili yenye matokeo ndani yake, kwa sababu wapo watakaosoma kichwa tu: “Vikao vitano vya mhudumu wa afya ya jamii vilipunguza dhiki ya moyo kwa wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili.” Chini yake hufuata swali, mbinu, matokeo na hitimisho, kila kimoja mahali pake, kila muhtasari kwa mpangilio uleule, ili jicho lizoee pa kuangalia. Vitenzi hupimwa kama dawa. “Ilipunguza” huruhusiwa pale tu kura ilipopigwa. Mahali pengine ni “iliandamana na”. “Imethibitishwa” hukatwa karibu kila inapojitokeza. Kivumishi kisicho na namba nyuma yake hakipiti. Makala ya kurasa nyingi inabaki ukurasa mmoja, na ukiuliza ni sentensi gani imetoka wapi, mhariri anafungua fomu yake na kukuonyesha.

Kazi ya mwisho anakabidhiwa mtu mwingine: mganga mwenye uzoefu wa wagonjwa, anayeandika aya ya maoni chini ya muhtasari. Akiwa anaandika kwa ajili ya kaunti ya Tana River, aya hiyo ndiyo inayovusha utafiti mto. Ataona kwamba jaribio la Nairobi lilikuwa la wanawake, na la mjini. Ataona kwamba mfugaji wa Kiorma anayehamisha ng'ombe kufuata malisho hawezi kuahidi kuwa mahali pamoja wiki tano mfululizo, na kwamba mkulima wa Kipokomo hukatikiwa na barabara mto unapopanda. Ataona pia palipo na tumaini: tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, na majaribio ya Nairobi na Masaka yanaonyesha kwamba watu wa kiwango hicho, wakifundishwa na kusimamiwa, wanaweza kutibu. Ataandika ni nani asiyefaa kusubiri vikao, yule anayetaka kujiua au anayesikia sauti, na kwamba huyo apelekwe haraka kwa mwenye ujuzi zaidi. Na pale ushahidi unapokoma, ataandika kwamba umekoma.

Halafu muhtasari hupewa tarehe. Ushahidi huzeeka, jaribio jipya huja na kubadili picha, na makala nyingine hugunduliwa kuwa na kasoro na kuondolewa. Mhariri mwema hurudi kwenye kazi yake ya zamani, hurudia kutafuta kwa maneno yaleyale yaliyo daftarini, na kuifumua panapostahili. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo. Mgonjwa hatamjua kamwe, na tabibu atakumbuka ushauri bila kukumbuka aliyeuandaa.

Ndiyo maana naona kazi hii ni sehemu ya utabibu wenyewe. Mtu aliyekataa makala dhaifu mia, akarudi kwenye jedwali ambalo wengine waliliruka, akafuta neno moja lililozidi ushahidi, amemhudumia mama wa Garsen kama aliyempima mapigo ya moyo. Kinachokosekana Pwani ni watu wa kuifanya kazi hiyo huku huku na kwa lugha inayosemwa chumbani mwa daktari. Kenya ina sera ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030 na sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, na zote zinadai huduma ifike mashinani. Vyuo vikuu vya Pwani, matawi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, na idara za afya za kaunti viwaajiri watu wachache wenye subira, viwape muda, na vitoe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye tarehe, kwa kila swali ambalo tabibu wa delta huulizwa kila siku. Na wewe tabibu unayesoma, ukiupata ukurasa kama huo, anzia kwenye tarehe na safu ya pili ya jedwali, kisha ndipo umwite mgonjwa anayefuata.